Nukta ya Jua Sakafuni: Shajara ya Mradi

19 Desemba 2020

Tundu liko mahali pake. Upana wake ni milimita 3, limetobolewa kwenye kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye mkono wa mbao unaochomoza kutoka kwenye nguzo, mita 1 kamili juu ya sakafu ya saruji. Nimeshusha timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, kutoka kwenye tundu hilo, na pale ncha yake ilipogusa sakafu nimechora msalaba mdogo. Vipimo vyote vitaanzia hapo.

Wiki iliyopita nilikuwa na fimbo tu ya kupimia kivuli cha jua, nayo ilinishinda. Jua si nukta. Upana wake angani ni kama nusu digrii, kwa hiyo ncha ya kivuli hufifia polepole badala ya kukatika, na kwa fimbo ya mita 1 ukungu huo unakaribia sentimita nzima. Nilipopima mara mbili nilipata majibu mawili. Tundu halina shida hiyo: linalaza sakafuni doa la mwanga la mviringo, ambalo ni picha ya jua lenyewe, na katikati ya doa naweza kukubahatisha kwa kosa la milimita 1 tu.

Kuipata kaskazini kulinichukua siku nzima. Dira haifai kwa kazi hii, maana sindano yake hufuata sumaku ya dunia, nayo haiko sambamba na mhimili. Nilichora duara kwa kamba, msalaba ukiwa kitovu. Doa liliingia ndani ya duara asubuhi, likatoka alasiri; nilitia alama pande zote mbili, nikaligawa pengo lililo kati yake nusu kwa nusu. Mstari unaotoka msalabani kupitia nusu hiyo ndio kaskazini na kusini ya kweli. Nimeupaka rangi nyekundu. Doa likikaa juu ya mstari huu, hiyo ni adhuhuri.

Kwa mwaka mmoja nitaandika mambo mawili kila siku yenye jua: doa limevuka mstari umbali gani kutoka msalabani, na limevuka saa ngapi. Tangu utotoni nimesoma kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake ikatupa siku, na hulizunguka jua ikatupa mwaka. Nayaamini hayo. Nataka sasa kuyapima kwa mkono wangu.

21 Desemba 2020

Milimita 353 kaskazini mwa msalaba. Saa 6:18 mchana.

Leo ni solistasi ya Desemba, siku ambayo jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini na kugeuka. Nilitarajia adhuhuri karibu na saa 6:20, kwa kuwa nguzo yangu iko digrii 5 magharibi mwa mstari ambao saa za eneo hili zimewekwa kuufuata. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, digrii 1 kwa dakika 4, hivyo digrii 5 ni dakika 20. Hizo dakika 2 zilizopungua nimeziandika tu. Labda ni mkono wangu.

31 Desemba 2020

Milimita 346, saa 6:23. Katika siku 10 doa limesogea milimita 7 tu kuelekea msalabani, lakini saa imeteleza kwa dakika 5. Hiyo ni nusu dakika kila siku, na doa hutembea zaidi ya milimita 4 kwa dakika. Jicho langu haliwezi kukosea kiasi hicho.

21 Januari 2021

Milimita 285, saa 6:31.

Nimekagua kila kitu. Timazi inaangukia msalabani. Nguzo haijainama. Saa ya simu inalingana sekunde kwa sekunde na saa nyingine tatu. Nimechora duara upya na mstari umetokea pale pale. Hata hivyo adhuhuri inazidi kuchelewa, dakika 13 kwa mwezi. Ingeendelea hivi mwaka mzima, jua lingefika juu kabisa zaidi ya saa mbili baada ya wakati wake, na hilo halitokei.

11 Februari 2021

Saa 6:34. Jana ilikuwa 6:34, juzi 6:34. Imesimama.

24 Februari 2021

Inarudi nyuma. Leo 6:33 na sekunde chache. Saa mbovu huchelewa moja kwa moja. Haiendi ikasimama ikarudi. Basi jambo hili liko kwenye jua, au kwenye dunia.

10 Machi 2021

Leo doa limekaa juu ya msalaba. Kivuli cha nguzo kilijikunja chini ya miguu yake na jua lilikuwa utosini hasa. Nilipiga magoti nikatazama mwanga ukiufunika msalaba, saa 6:30, na kwa dakika moja hivi sikuandika kitu.

Kesho doa litakuwa upande wa pili wa msalaba, kusini.

20 Machi 2021

Milimita 70 kusini. Saa 6:27. Leo ni sikusare: jua liko juu ya ikweta, na mchana na usiku vinakaribia kulingana duniani kote.

Siku hizi doa linakimbia. Linasogea milimita 7 kila siku, wakati mwezi Desemba lilihitaji siku 10 kwa hatua hiyo hiyo. Sikuwa nimelitegemea hilo, nami nalitilia mstari hapa kwa sababu nadhani litanifaa.

21 Machi 2021

Nimemaliza jaribio la pembeni, na ndilo lililonifumbua macho.

Tangu tarehe 1 Machi nimekuwa nikiitazama Shira, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, kutoka mahali pamoja, kidevu kikiwa kwenye kigingi, nikisubiri izame nyuma ya kona ya ukuta. Usiku wa kwanza ilipotea saa 4:52 na sekunde 10. Usiku huu, siku 20 baadaye, imepotea saa 3:33 na sekunde 30. Imewahi kwa dakika 78 na sekunde 40. Gawanya kwa 20: dakika 3 na sekunde 56 kila usiku.

Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba safari yetu ya kulizunguka jua haibadilishi mahali pake kwa jicho tupu. Shira ikirudi nyuma ya kona ile ile, dunia imekamilisha mzunguko mmoja, kamili, bila nyongeza. Na mzunguko huo huchukua saa 23, dakika 56 na sekunde 4.

Basi hizi saa 24 zetu ni nini? Wakati dunia inajizungusha, inasonga pia mbele kwenye njia yake. Inamaliza digrii 360 kwa siku 365 na kidogo, kwa hiyo kwa siku moja inasonga karibu digrii 1. Ikimaliza mzunguko wake, jua halipo tena pale lilipokuwa jana; limerudi nyuma kwa digrii moja kuelekea mashariki, na dunia lazima ijisokote digrii hiyo ya ziada kulifikia. Digrii 1 ni dakika 4. Ndizo hizo.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Siku niliyoishi tangu kuzaliwa si mzunguko wa dunia peke yake. Ni mzunguko pamoja na kipande cha mwaka kilichoshonewa mwishoni mwake. Ukivikusanya vipande vyote vya dakika 4 kwa mwaka mzima unapata saa 24, yaani mzunguko mmoja zaidi. Dunia hujizungusha mara 366 na ushei katika mwaka wenye siku 365 na ushei. Mzunguko mmoja unaliwa na safari yenyewe.

15 Aprili 2021

Adhuhuri leo ni saa 6:20 barabara. Kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa Desemba, jua na saa vinasema neno moja.

Sasa naweza kueleza utelezi wa Desemba. Kile kipande cha mwaka kilicho ndani ya kila siku hakina unene mmoja. Dakika 4 ni wastani tu, na kuna mambo mawili yanayokinenepesha au kukikondesha.

La kwanza ni umbo la njia. Mwanaastronomia Kepler alionyesha mwaka 1609, akiifuata sayari ya Mirihi, kwamba sayari haziendi kwa duara bali kwa duaradufu, yaani duara lililorefushwa kidogo, na kwamba zikilikaribia jua huenda kasi. Dunia ilikuwa karibu na jua kuliko siku zote tarehe 2 Januari mwaka huu, kama kilomita milioni 147, ikienda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwezi Julai itakuwa mbali zaidi, kama kilomita milioni 152, na kasi itashuka hadi 29.3. Januari basi tunasonga zaidi ya digrii 1 kwa siku, na dunia inalazimika kujisokota zaidi kulifikia jua.

La pili ni mlalo wa mhimili, yaani jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama, na hapa ndipo zile milimita 7 zinaponifaa. Wakati wa sikusare sehemu ya ile digrii ya kila siku hutumika kupanda kaskazini au kushuka kusini, nimeiona sakafuni. Kinachobaki cha kwenda mashariki ni kidogo, na mashariki ndiko kunakoichelewesha adhuhuri. Wakati wa solistasi jua halipandi wala halishuki, digrii yote inaelekea mashariki, na siku inakuwa ndefu. Desemba sababu zote mbili huvuta upande mmoja: kasi ya dunia na mlalo wa mhimili. Ndiyo maana kutoka adhuhuri hadi adhuhuri karibu na tarehe 22 Desemba ni saa 24 na sekunde 30 hivi, na katikati ya Septemba hupungua chini ya saa 24 kwa zaidi ya sekunde 20.

Sekunde 30 ni kidogo. Ila zikirundikana mfululizo zinakuwa zile dakika 13 zilizonifanya niing'oe nguzo kwa mawazo mara tatu.

14 Mei 2021

Saa 6:16. Adhuhuri imewahi kwa karibu dakika 4, na nadhani huu ndio mwisho wa kuwahi kwa sasa.

21 Juni 2021

Milimita 519 kusini, saa 6:22. Doa limeganda hapo siku kadhaa, tofauti ni milimita 1 au hakuna. Jua limefika mwisho wa safari ya kaskazini.

Hesabu hii nimeisubiri miezi sita. Doa la milimita 353 kutoka tundu la milimita 1,000 ni pembe ya digrii 19.4. La milimita 519 ni digrii 27.4. Jumla yake, digrii 46.8, ndiyo safari nzima ya jua kutoka kusini hadi kaskazini. Nusu yake ni 23.4, nao ndio mlalo wa mhimili wa dunia. Tofauti yake ni digrii 8, na nusu ya hiyo, 4, ni latitudo ya nguzo yangu, kusini mwa ikweta. Namba zote mbili ziko sahihi, na zimetoka kwenye kipande cha bati.

Yeyote, popote, mwenye adhuhuri mbili za solistasi anaweza kuipata 23.4 ile ile. Latitudo ndiyo itakayobadilika, na pamoja nayo urefu wa mchana. Hapa mchana mrefu wa mwaka unauzidi ule mfupi kwa chini ya nusu saa. Kwenye latitudo 60 kaskazini, leo jua linaonekana karibu saa 19, na Desemba halifikishi saa 6. Mhimili ni ule ule na unaelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima. Kinachobadilika ni upande gani wa dunia umeinamia jua.

Naandika hili kwa herufi kubwa akilini, kwa sababu nimelisikia likisemwa vibaya mara nyingi: umbali wa jua si chanzo cha majira. Wiki mbili zijazo tutakuwa mbali nalo kuliko siku nyingine yoyote, na nusu nzima ya kaskazini iko katika joto.

5 Julai 2021

Leo ni siku ya umbali mkubwa. Nilijaribu kupima kama doa limekuwa dogo kuliko Januari. Kwa mita 1 tofauti ingekuwa milimita 0.3, na kingo za doa zenyewe zina ukungu mpana kuliko hapo. Haiwezekani kwa kifaa hiki. Ingehitaji tundu lililo juu sana, kama paa la jengo la ghorofa kadhaa, na chumba cha giza.

26 Julai 2021

6:26 na nusu. Mawingu yalinizuia siku 9 mfululizo kabla ya leo.

22 Septemba 2021

Sikusare ya pili, saa 6:13. Nimehesabu: kutoka sikusare ya Machi hadi leo zimepita siku 186. Kutoka leo hadi Machi ijayo, almanaka inasema siku 179. Nusu mbili za duara moja, lakini moja ni ndefu kwa wiki nzima. Tulikuwa tukienda polepole upande wa mbali wa duaradufu. Hiyo 0.3 ya milimita iliyonishinda Julai imejionyesha hapa kwa njia nyingine, tena kwa siku 7.

3 Oktoba 2021

Doa limerudi karibu na msalaba, likielekea kaskazini. Limekosa kwa milimita 2. Jana lilikosa kwa 5, upande wa pili. Safari hii halikuangukia katikati, kwa sababu jua halingoji adhuhuri yangu ili lifike utosini.

3 Novemba 2021

Saa 6:03 na nusu. Hii ndiyo adhuhuri inayowahi kuliko zote za mwaka. Kutoka leo hadi tarehe 11 Februari ni siku 100, na katika siku hizo adhuhuri itateleza kwa nusu saa na zaidi.

21 Desemba 2021

Milimita 353 kaskazini, saa 6:18. Mwaka umefunga.

Sikutaja kwamba kwa muda wote huu nimekuwa nikitia pia nukta ya chaki ya mafuta mahali doa lilipo saa 6:20 kamili kwa saa ya mkononi, bila kujali mstari. Leo nimeziunganisha. Ni namba 8 ndefu, sentimita 87 kutoka kichwa hadi mguu, na kitanzi kimoja ni kinene kuliko kingine: kile cha Novemba hadi Februari, wakati sababu mbili zinasaidiana. Urefu wa namba hiyo ni mlalo wa mhimili. Upana wake ni ule unene usio sawa wa vipande vya mwaka. Mizunguko yote miwili imejichora kwenye saruji, na mtoto anaweza kuikanyaga.

Kwa mujibu wa almanaka, kati ya solistasi ya Desemba 2020 na hii ya leo zimepita siku 365, saa 5 na dakika 57. Mwezi na sayari huivuta dunia huku na huku, kwa hiyo miaka hupishana kwa dakika kadhaa. Wastani ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Hakuna sababu yoyote ya mzunguko mmoja kuingia katika mwingine bila baki, na hauingii.

Nilipanga kuishia hapa. Lakini baki hilo la robo siku linaniwasha. Likiwa kweli lipo, lazima lionekane sakafuni, na mahali pa kulitafuta ni sikusare, ambapo siku moja ni milimita 7. Robo siku ingekuwa chini ya milimita 2. Nguzo inabaki.

20 Machi 2022

Milimita 68. Mwaka jana tarehe hii ilikuwa 70.

Nimepima mara tano. Ni 68. Kalenda imesema mwaka umetimia, lakini dunia bado ilikuwa na karibu saa 6 za safari kufika pale ilipokuwa.

20 Machi 2023

66 na nusu.

Tukiendelea bila siku ya ziada, baada ya miaka minne doa litakuwa nyuma kwa milimita 7, siku nzima. Julius Caesar aliliziba pengo hilo mwaka 46 kabla ya Kristo kwa kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Alizidisha kidogo tu, dakika 11 kwa mwaka, ambazo kwa tundu langu ni sehemu ya ishirini ya milimita. Kufikia karne ya 16 sikusare ilikuwa imehama siku 10 tangu mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325. Kwenye sakafu hii zingekuwa sentimita 7. Papa Gregory XIII alizifuta mwaka 1582: tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15, na tangu hapo miaka 3 ya kufunga karne katika kila 4 haipewi siku ya ziada. Kosa lililobaki ni siku moja kwa miaka elfu tatu hivi, na kwa muda mrefu namna hiyo hata dunia yenyewe hubadilika, kwa sababu maji ya bahari kupwa na kujaa kwa mvuto wa mwezi kunaipunguzia kasi na siku inarefuka kwa kama milisekunde 2 kila karne.

29 Februari 2024

Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiingojea. Hakuna cha kupima leo. Nimefagia sakafu na kushusha timazi tena, iko msalabani.

20 Machi 2024

Milimita 72. Doa limeruka mbele.

20 Machi 2025

Anga safi tangu asubuhi. Saa 6:27 doa likavuka mstari mwekundu, ambao sasa nimeupaka rangi mara tatu. Milimita 70.